Oktoba Arizona: joto au baridi?

Ndugu, umeuliza kama Oktoba kule Arizona, jimbo la kusini-magharibi mwa Marekani, ni joto au baridi. Inategemea uko mwinuko gani. Jiji la Phoenix, takriban mita 330 juu ya usawa wa bahari, mchana bado hufika nyuzi 30 na zaidi. Flagstaff, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, iko mita 2,100: mchana nyuzi 17 hivi, na usiku maji huweza kuganda.

Hewa kavu hupoa haraka kadiri unavyopanda, kwa hiyo majani ya miti, ambayo msimu huu hugeuka rangi kabla ya kupukutika, huanza kubadilika kule juu, kisha rangi hiyo hushuka polepole. Miti ya aspeni karibu na Flagstaff huwa ya dhahabu kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Bonde la Oak Creek, lililo chini zaidi, hufuata mwishoni mwa Oktoba. Kwenye mito ya jangwani kabisa ni Novemba hadi Desemba! Kwa hiyo ukichelewa mlimani, teremka tu, utaikuta rangi.

Na tafadhali, beba koti hata kama unatua Phoenix umevaa fulana.