Ng'ombe wa Mahari na Malezi ya Mtoto

SWALI: Nimetengana na mume wangu, naye anadai mtoto wetu wa miaka mitano ni wa ukoo wake kwa kuwa alitoa ng'ombe wa mahari. Je, mahakama itampa? Mama, Chamwino.

JIBU: Dada, ng'ombe hawaamui. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatanguliza ustawi wa mtoto, ingawa mila, za Wagogo zikiwamo, nazo huangaliwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, sheria hudhania kuwa ni heri akae na mama, lakini baba anaruhusiwa kuleta ushahidi wa kuipinga dhana hiyo. Afisa ustawi wa jamii akifika kwako, mwonyeshe mtoto anapolala na daftari lake la chekechea. Kwa maoni yangu, hayo yana uzito kuliko kumsema vibaya baba yake.