Baba K. hana kosa, mwache atembee na mwanawe

"Shangazi, mwanangu wa miezi mitano alizaliwa na mdomo sungura upande wa kushoto. Alishonwa wiki sita zilizopita. Mwanzo alipendeza, sasa kovu limekuwa gumu, jekundu, na mdomo umevutwa juu. Mume wangu hajali. Jioni anambeba mpaka kijiweni watu wamtazame. Nimemwomba auze pikipiki turudie upasuaji, amekataa. Mama mkwe naye anaonyesha wageni picha za kabla ya upasuaji. Wananidhalilisha. Nifanyeje? – Mama K., Tanga. (Kovu nalipaka kikrimu kidogo cha kung'arisha.)"

Pole, Mama K. Kulea kichanga chenye mshono usoni si mchezo. Pole imeisha, sasa nisikilize.

Barua yako nimeirudia mara mbili nikimtafuta huyo mume asiyejali, simwoni. Mwanamume anayepakata kichanga kijiweni mbele ya wenzake hana anachokionea haya. Mwenye haya ni wewe. Hakuna mstari hata mmoja unaosema umetoka na mtoto.

Kuhusu kovu, ulivyoeleza ndivyo linavyokwenda. Siku mbili tatu za kwanza uso huvimba, uvimbe ukishuka mama anafurahi. Kuanzia wiki ya nne hivi mwili unajaza nyuzi za kushikilia jeraha, nyuzi hizo zinajikaza, mdomo unapanda. Kati ya wiki ya sita na mwezi wa tatu ndipo kovu huchukiza kuliko wakati wowote. Baada ya hapo hulainika polepole, mpaka mwaka na zaidi. Ukimrudisha kisuni sasa utakata kovu bichi upate bichi jingine, nalo litakaza vilevile. Mumeo amekujibu kama ambavyo daktari makini angekujibu, na pikipiki imebaki. Hata marekebisho yakihitajika huko mbele, anzeni kuuliza pale pale aliposhonwa. Shirika la Smile Train hulipia upasuaji wa namna hii katika hospitali kadhaa nchini.

Sasa hicho "kikrimu kidogo" ulichokichomeka kwenye mabano. Hapo umenikera. Krimu za kung'arisha nyingi zina steroidi au haidrokwinoni, nyingine zebaki. Ngozi ya mtoto inafyonza haraka, steroidi huifanya nyembamba, na kovu lenyewe liko mdomoni, kwa hiyo analamba. Acha leo, na kliniki usifiche kwamba ulimpaka.

Kovu linataka kukandwa. Hakikisha jeraha limefunga, halina kigaga wala majimaji, na daktari ameruhusu. Kata kucha, osha mikono, chukua mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kiasi cha kulainisha ncha ya kidole. Bonyeza kovu mpaka rangi ya pale pabonyezwapo ibadilike kidogo, kisha zungusha kidole taratibu bila kukiinua. Kidole kikiteleza juu ya ngozi hujafanya kitu, kovu la ndani liko palepale. Dakika chache, mara tatu au nne kwa siku. Nje mvalishe kofia yenye ukingo, maana jua hulitia kovu weusi. Nimesema kofia, sijasema kanga ya kumfunika uso mzima.

Mama mkwe unamwonea. Mgeni aliyeziona picha hizo anajua daktari amefanya kazi. Asiyeziona ndiye anayekwenda kunong'ona habari za mikosi. Mdomo wa mtoto huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, wakati wengi hata hamjajua kama mna mimba. Hukulogwa, wala hukumcheka mtu ukalipizwa.

Ila mabinti wa siku hizi mnanichosha. Mume asipomshika mtoto, barua inakuja. Akimshika, barua inakuja. Mnataka ndoa ya kupigwa picha, mtoto asiwe na doa na baba asimame pembeni akitabasamu. Bibi zenu walimtafuta mume wa kubeba mtoto wakamkosa.

Kuna jambo hukulitaja, nalo ndilo la kuhangaikia: kaakaa, yaani paa la kinywa, ambalo nalo huweza kuzaliwa wazi kama mdomo. Maziwa yanatokea puani akinyonya? Mwombe daktari amulike mpaka nyuma kwenye kimio. Likiwa wazi, hushonwa kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, kabla mtoto hajazoea kusemea puani, na masikio nayo yapimwe kwa sababu hukusanya majimaji. Siku hiyo nenda na Baba K., maana naona ndiye atakayesikiliza.