Mnatuuliza, Tunajibu: Gitaa Kavu, Kanda na Traki Nne

Toleo lililopita lilizungumzia zile albamu za 1966 hadi 1968 ambamo gitaa kavu (isiyo ya umeme) ilikutana na roki ya saikedeliki, ile yenye milio ya kindoto. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi. Tumechagua tano, na mbili kati yake zinajibiwa kwa mistari michache tu.

Salamu wahariri. Sisi ni vijana wanne wa Katuba, Lubumbashi: gitaa kavu mbili, besi na ngoma, wote tunaimba. Tunataka albamu yenye ladha ile ya 1967. Kompyuta yetu haina kikomo cha traki (njia za sauti, kila moja ikirekodiwa peke yake), na wimbo mmoja tumeufikisha traki 46. Kila tukiongeza kitu, wimbo unazidi kupwaya. Tunakosea wapi?

Hapo hapo kwenye 46. Albamu ya Sgt. Pepper ya Beatles ilirekodiwa katika studio za EMI, London, kwa mashine za Studer J37 zenye traki nne kwenye kanda ya upana wa inchi moja. Traki nne zikijaa, fundi alizichanganya na kuzimimina kwenye traki moja au mbili za mashine ya pili, akapata nafasi ya kuendelea. Kilichokwisha kumiminwa hakitenguki. Kama besi ilizidi, imezidi mpaka mwisho wa wimbo. Kwa hiyo watu walilazimika kuamua mapema, na huo uamuzi ndio mnaousikia mnaposema "ladha".

Basi fungueni traki nne tu. Ya kwanza ngoma na besi, zikipigwa kwa pamoja chumba kimoja. Ya pili gitaa inayoshika mdundo, ya tatu gitaa ya pili, ya nne kayamba au makofi. Changanyeni mpaka wote wanne mkubali, toeni faili moja ya mono (sauti zote kwenye njia moja), kisha zile nne ziwekeni kwenye flashi na mumpe mtu asiyekaa nanyi. Zikibaki karibu mtazifungua tena usiku, tunawajua wanamuziki. Mliyomimina sasa ni traki ya kwanza, na zimebaki tatu: sauti ya kuongoza, waitikiaji, na moja ya mapambo.

Kwa nini ngoma na besi zitangulie? Kwenye kanda, kila kumimina kunaongeza mvumo, ile kelele ya kanda yenyewe. Kopi ya kwanza huongeza kama desibeli 3, na sauti za juu hufifia kidogo. Ngoma na besi huvumilia hasara hiyo, sauti ya mwimbaji haivumilii, kwa hiyo yeye hungojea mwisho. Kompyuta haina mvumo, lakini utaratibu ufuateni vile vile, maana mwimbaji ataimba juu ya kitu kilichokwisha kusimama.

Makosa mawili huharibu hatua ya kumimina. La kwanza ni kuweka mwangwi mapema: mkiurudia tena mwishoni, wimbo wote utasikika kama umeimbwa ndani ya pipa. La pili ni besi na ngoma kubwa kufunikana kwenye mono. Sikilizeni kwa sauti ya chini kwenye redio ndogo. Besi ikipotea, msiipandishe. Punguzeni ngoma kubwa kwanza.

Kuhusu mikro, moja inatosha kwa gitaa kavu. Iwekeni sentimita 25 hadi 30 kutoka freti (ukingo wa chuma kwenye shingo) ya 12, ikitazama pale shingo inapoungana na mwili. Mkiielekeza kwenye tundu mtapata ngurumo, kisha mtalaumu gitaa. Na gitaa yenyewe lazima iweze kusimama peke yake kabla hamjaizungushia chochote. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, hapakuwa na mapambo: kidole gumba na cha shahada, basi. Wimbo wenu ukishindwa kusimama hivyo, traki ya 47 haitauokoa.

Nataka ule mlio wa gitaa ya nyuzi 12. Niliazima moja hapa Kamalondo, lakini haikai kwenye sauti, na uzi mmoja mwembamba unakatika kila mara. Tatizo ni gitaa?

Pengine si gitaa. Jozi nne za chini (E, A, D na G) zina uzi mnene na mwenziwe wa oktava juu. Jozi mbili za juu zina nyuzi mbili zinazofanana. Unaokatika bila shaka ni ule mwembamba wa jozi ya G. Kwa kawaida una unene wa 008 au 009 (yaani inchi 0.008 au 0.009), na unavutwa hadi G ya juu, karibu na ukomo wa waya. Shusha gitaa nzima toni moja, kisha funga kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya 2. Utapiga mikato (noti zinazopigwa kwa pamoja) ile ile, na shingo itapumua.

Nyuzi mpya zifunge jana yake, siyo asubuhi ya kurekodi. Zivute taratibu kwa vidole na uzipatanishe tena, mara tatu au nne. Na Lubumbashi hii ya Juni na Julai, mnapoanza na baridi ya asubuhi na kumaliza jua likiwa juu ya bati, kumbuka kwamba waya ukipata joto hulegea na sauti inashuka. Patanisha upya kila mnaporudia wimbo, hata kama wenzako wananung'unika.

Mlio wenyewe, ule wa bendi ya The Byrds ya Marekani wa 1965, ulitoka kwa gitaa ya umeme ya Rickenbacker iliyopitishwa kwenye kompresa (kifaa kinachokaribisha sauti kubwa na ndogo), na mpiga gitaa wao Roger McGuinn ameeleza mara nyingi kwamba kompresa ndiyo iliyofanya noti zidumu. Jaribu kompresa mbili zinazofuatana, kila moja ikifanya kazi kidogo. Moja ikikamua sana utasikia inahema.

Huna gitaa ya nyuzi 12? Nunua seti yake, chukua zile nyembamba tu uzifunge kwenye gitaa ya kawaida, kisha piga sehemu ile ile mara mbili: kwa gitaa ya kawaida, halafu kwa hiyo. Kwa mikato ya polepole ni nzuri ajabu. Kwa kudonoa haraka mikono itaachana.

Gitaa inayolia kinyumenyume inapigwaje?

Geuza wimbo wote ulivyomimina uende kinyume, piga gitaa juu yake, kisha geuza vyote. Mikato jifunze kuanzia wa mwisho kwenda wa kwanza, la sivyo gitaa itagombana na besi. Kila noti itavimba polepole na kukatika ghafla pale ulipoidonoa, kwa hiyo idonoe juu ya pigo lenyewe. Sekunde nane zinatosha. Wimbo mzima unachosha sikio.

Mwenye mashine ya kanda ya traki nne awe macho: kanda ikigeuzwa, traki ya 1 inakuwa ya 4 na ya 2 inakuwa ya 3. Ukirekodi bila kukumbuka hilo, umefuta sauti ya mwimbaji.

Babu aliacha magnetofoni yenye kanda kubwa za mviringo. Inazunguka, lakini muziki unasikika mzito, kama mtu mwenye usingizi. Naweza kuitumia kwa albamu?

Soma kwanza kibao cha nyuma. Mashine ya Kimarekani yenye mota inayofuata mzunguko wa umeme ilitengenezwa kwa Hz 60 (mizunguko 60 kwa sekunde). Kwetu ni Hz 50. Inatembea kwa sehemu tano za sita za mwendo wake, na kanda iliyorekodiwa kwingine inashuka nusutoni tatu na zaidi. Jenereta nayo ina lake: ikishuka hadi Hz 48, mwendo unapungua asilimia 4, na wimbo uliorekodiwa hivyo utapanda ukiusikiliza kwa umeme wa kawaida. Msianze wimbo kwa umeme wa mtaani na kuumalizia kwa jenereta.

Vichwa vya kusomea visafishe kwa pamba na spiriti kavu (isiyo na maji). Kanda za babu usizipashe joto hata ukiambiwa kwamba ndiyo dawa ya kanda zinazonata. Dawa hiyo haifai kwa kanda za asetati, aina ya plastiki ya zamani. Inua rili kwenye mwanga: mwanga ukipenya kwenye mkunjo wa kanda, hiyo ni asetati.

Sisi tungeitumia kwa mwangwi tu. Ikiwa ina kichwa cha kurekodi na kingine cha kusomea, pima umbali kati yao ugawanye kwa mwendo. Sentimita 4 kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde ni sekunde 0.21, kwa 9.5 ni 0.42. Ukirudisha sauti ndani kupita kiasi itaanza kupiga mayowe, kwa hiyo mkono usitoke kwenye kitufe.

Tukitaka kutoa sahani ya santuri, kila upande uwe na dakika ngapi?

18 hadi 20. Zaidi ya 22, fundi anayekata atapunguza sauti na besi ili mifereji itoshe. Wimbo laini uwekeni mwisho wa upande, karibu na kibandiko, kwa sababu huko sindano hukwaruza sauti kali.