Kuhamia Plasma 6: kukompaili ndiyo sehemu nyepesi

Ndugu, umeuliza kwa nini timu ndogo ya distro (mfumo wa Linux uliofungashwa tayari kwa watumiaji) ichukue miezi kuingiza Plasma 6, eneokazi la mradi wa KDE, ilhali msimbo uko wazi na mashine ya kuukompaili, yaani kuugeuza uwe programu inayoendeshwa, ipo. Nimewahi kufanya uhamisho huo upande wa pakeji (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa), na kukompaili ndiyo kazi iliyonisumbua kidogo kuliko zote.

Tarehe 28 Februari 2024 KDE walitoa Plasma 6, Frameworks 6 (maktaba zake za msingi) na programu za Gear 24.02 kwa mpigo mmoja, juu ya Qt 6, zana ambayo programu zote za KDE zimejengwa kwayo. Kitu cha kwanza ni kutenganisha kinachoweza kukaa pamoja na cha zamani na kisichoweza. Maktaba za Frameworks 6 zina majina tofauti na za 5, kwa hiyo zote zinakaa kwenye mashine moja bila ugomvi. Hizo ziingizeni mapema, msisubiri. Plasma yenyewe haina uungwana huo. Ya 5 na ya 6 zinagombania mafaili yale yale, hivyo inaingia yote siku moja au haiingii. Hakosekani mtu wa kupendekeza muingize kidogo kidogo, mkatalieni. Jengeni kila kitu kwenye ghala la pembeni, kama distro ya Debian wanavyotumia ghala lao la majaribio, experimental, hadi seti nzima ijengeke na kuwaka.

Sasa kuna KWin, programu inayosimamia madirisha ya Plasma. Hii hutumia sehemu za ndani za Qt ambazo watengenezaji wa Qt hawajaahidi kuziacha zilivyo, kwa hiyo Qt ikipanda hata toleo dogo, KWin na wenzake wachache hujengwa upya. Maana yake anayetunza Qt na anayetunza Plasma wasipoelewana, mmoja anabomoa usiku alichojenga mwenzake mchana. Sisi tulikubaliana Qt isiguswe mpaka tumalize, na makubaliano hayo yalitusaidia kuliko skripti zetu zote. Ulizeni pia nani mwingine ana uhamisho mkubwa wakati huo. Mwanzoni mwa 2024 Debian walikuwa wanahamisha time_t, aina ya data inayotunza saa, kwenda biti 64 kwa ajili ya tatizo la mwaka 2038, ambapo saa ya biti 32 itajaa, kazi iliyogusa maktaba nyingi mno. Ukiingiza eneokazi jipya katikati ya kazi kama hiyo, pakeji ikikwama hujui imekwamishwa na nani.

Kuhusu tarehe, msione aibu kusema bado. Fedora 40 ilitoka na Plasma 6 Aprili 2024, Kubuntu 24.04, ya mwezi huohuo, ilibaki na 5.27, na Plasma 6 ikaja kwenye 24.10. Naona wote walikuwa sahihi. Toleo la kutunzwa miaka kadhaa, kama Kubuntu 24.04, halibebeshwi kitu chenye wiki chache tangu kizaliwe.

Msisahau programu ambazo bado ni za Qt 5. Breeze, mtindo unaozipa programu sura ya Plasma, ijengwe kwa Qt zote mbili, la sivyo programu hizo zitafunguka na sura ngeni na mtapokea malalamiko kana kwamba mmevunja kila kitu. Wijeti za watu wa nje zilizoandikiwa Plasma 5 hazifanyi kazi kwenye 6 mpaka mwandishi wake azibadilishe, na hilo liandikeni kwenye tangazo mapema. Andikeni pia kwamba seshoni ya kawaida sasa ni Wayland, mfumo wa kuonyesha picha kwenye skrini, badala ya X11 ya zamani.

Jambo la mwisho linadharauliwa sana: mtu anayeapdeti huku yuko ndani ya eneokazi. Skrini ikijifunga katikati ya zoezi, kifungio kinaweza kuchanganya mafaili mapya na maktaba za zamani zilizo kwenye memori, kikagoma kufunguka. Waambieni watoke kwenye seshoni na waapdeti kupitia konsoli (skrini ya maandishi matupu), au tumieni njia ya kuapdeti wakati wa kuwasha upya. Atakayekwama aende konsoli nyingine kwa Ctrl+Alt+F3, aingie, aandike `loginctl unlock-sessions`. Ikidai ruhusa, atangulize `sudo`, amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi.