Sapu ya takwimu: usikimbilie kubadili kozi

Mdogo wangu wa chuo pale Malimbe, Mwanza, umeuliza kama uiache takwimu uliyopata sapu (mtihani wa marudio baada ya kufeli), uchukue kozi nyepesi ili GPA, yaani wastani wa pointi zako, ipande. Subiri kwanza. Kwenye programu yako takwimu ni ya lazima au ya hiari? Kama ni ya lazima haina mbadala. Hata ukifikisha krediti 360 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) za digrii ya miaka mitatu, bila hiyo huhitimu.

Halafu shika kalamu, tupige hesabu ya GPA. A ni pointi 5, B+ 4, B 3, C 2. Zidisha pointi kwa krediti za kozi, jumlisha zote, gawa kwa jumla ya krediti. Kozi ya krediti 12 ukipata C ni 24. Ya krediti 8 ukipata B+ ni 32. Jumla 56, gawa kwa 20, unapata 2.8. Umeona ile ya krediti 12 ilivyokuvuta chini? Na sapu, vyuo vingi hata uifaulu vizuri vipi wanakuandikia C. Kwa hiyo ifaulu tu, nguvu zako zipeleke kwenye kozi nzito za semesta ijayo. Apa sekondi, yaani daraja la pili la juu, inaanzia GPA ya 3.5.

Tafadhali, kesho nenda na matokeo yako kwa mshauri wako wa masomo. Mimi badala ya mshauri niliwauliza wenzangu tukisubiri daladala ya Nyegezi, nikasoma semesta nzima kozi ambayo haikuhesabiwa. Iliniuma sana.