Kabla ya andiko la mradi, amueni boti italala wapi

Nilikuwa katibu wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, huku Kilwa kwa miaka sita, na hadi leo wenzangu hunipigia kuuliza andiko la kuombea ruzuku linaandikwaje. Andiko si kazi. Kazi ni majirani.

Mwenye fedha siku hizi anataka kuona vijiji vimeungana, na hapo simlaumu. Ukanda wetu tunauita RUMAKI: Rufiji na Mafia wako mkoa wa Pwani, Kilwa tuko Lindi, bahari ni hiyohiyo. Mkifunga mwamba wenu miezi mitatu ili pweza wakue, halafu jirani anavuta juya, wavu wa kukokota, usiku upande wa pili, mmemfugia yeye.

Basi tukaungana vijiji vitatu, tukapata boti ya doria ya faiba na mashine ya HP 15. Hatukuandika popote italala wapi. Ikalala kwa mwenyekiti wa umoja. Usiku mmoja baruti za wavuvi haramu zikalia mwamba wa mbali, tukapiga simu, tukaambiwa mafuta hakuna. Jumamosi yake boti ileile ikapita mbele yetu imejaa watu wa harusi, kanga zinapepea! Kufikia bamvua lililofuata, yale maji makubwa ya mwezi, vijiji viwili vilikuwa havitoi tena watu wa doria.

Kwa hiyo kaeni kwanza, mkubaliane ufunguo unashikwa na nani na daftari la mafuta linakaguliwa na nani. Yapitisheni kwenye mkutano wa kila kijiji, muhtasari upigwe mhuri wa mtendaji, ndipo mshike kalamu. Watia saini wa benki watoke vijiji vyote.

Kwenye bajeti, punguzeni semina. Najua posho ni tamu. Ila wekeni plagi, propela na fundi, kwa sababu mashine ya bahari haina huruma. Na risiti ziwe za EFD, zile za mashine ya kodi. Karatasi ya dukani iliyoandikwa kwa mkono iliwahi kutukwamisha awamu nzima.

Asiwachanganye mtu na ile asilimia 10 ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ule ni mkopo, unarudishwa.

Kitu kilichotuokoa safari ya pili kilikuwa mzani wa kuning'iniza. Siku ya kufungua mwamba, kina mama walipotoka na pweza wao, binti mmoja alikaa chini ya mti wa mkungu anapima mmoja mmoja na kuandika. Kanuni zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na wale wadogo niliozoea kuwaona kila bamvua kabla hatujafunga, siku ile walikuwa wa kuhesabu. Afisa aliyekuja kutukagua hakumaliza hata kurasa mbili za andiko letu. Aliomba lile daftari, lenye madoa ya wino wa pweza, akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa.