Muulize Sista: Neti za ushago, dawa za mama na pilau ya jana

Tangu shule zifungwe, simu yangu haipumui. Wasomaji wanafunga safari, wanataka kujua wale nini na waogope nini. Wengi ninaowapokea Januari, kwa miaka yote niliyofanya uuguzi hapa Eastlands, waliacha kitu kidogo nyumbani walipoondoka: vidonge, neti, saa ya kulala. Nyama ya Krismasi husingiziwa bure mara nyingi.

Sista, tunawapeleka watoto wetu wawili, wa miaka 4 na 7, kwa nyanya yao Siaya wiki tatu. Wamezaliwa hapa Donholm. Nikitaja neti, mama ananiambia nilikulia hapo hapo na mbu hawakunimaliza. Nimjibu nini?

Baba, mama yako anasema kweli, ila ni kweli yako wewe. Ulipokuwa mdogo mwili wako ulipambana na malaria mara kwa mara ukajijengea kinga kidogo kidogo. Watoto wako wamelelewa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo baridi humzuia kijidudu cha malaria kukomaa ndani ya mbu. Wanashuka Siaya bila kinga yoyote. Tena binamu zao huenda wamechanjwa, kwa maana chanjo ya malaria ilianza kutolewa 2019 kwa watoto wadogo wa kaunti za ziwani na magharibi, na watoto wa Nairobi hawakuwemo. Wewe mwenyewe, kama umekaa mjini miaka mingi, kinga yako imepungua. Lala ndani ya neti pia.

Bebeni neti zenu zenye dawa, pamoja na kamba na misumari. Krismasi kwa nyanya, watoto kumi hulala sebuleni magodoro yakiwa yamepangwa ukuta hadi ukuta, na hapo ndipo neti hukosekana. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kwa hivyo hadithi za nyanya zisikilizwe watoto wakiwa tayari ndani ya neti. Kabla ya safari pita kliniki uulize kuhusu dawa za kukinga. Nyingine huanzwa kabla ya kuondoka na kuendelea baada ya kurudi, basi usingoje asubuhi ya kupanda basi.

Kuna jambo ninaloliombea kila mzazi alikumbuke. Malaria inaweza kujificha mwilini kuanzia wiki moja hadi mwezi, wakati mwingine zaidi. Nimewahi kumpokea mtoto wiki ya pili ya Januari, sare mpya mwilini, homa ya siku tatu. Alikuwa amenunuliwa dawa ya mafua dukani, na tulipouliza kama wamesafiri, mama akasema hapana, kwa sababu safari ilikwisha mwaka jana. Alipona, lakini tulikesha naye. Mtoto akipata homa, akitapika au akikataa chakula baada ya kurudi, mpeleke siku hiyo hiyo na useme neno la kwanza mlangoni: tulikuwa Siaya. Kipimo cha kidole hutoa jibu kwa muda wa dakika 20 hivi.

Mama mwambie kwa upole kwamba mbu wake hawajawazoea wajukuu wake.

Mama yangu ana sukari na presha. Kila Desemba anaziacha dawa “apumzike kidogo kama watu wengine”. Tukimkataza chapati analia. Tufanyeje? – Binti, Umoja

Kwanza mwacheni ale chapati. Moja, pamoja na sahani ambayo nusu yake ni managu, sukuma au kachumbari, kisha nyama, kisha mukimo kidogo pembeni. Mkumbuke mukimo una viazi na mahindi. Ukiuweka juu ya chapati mbili na wali, hapo mmerundika wanga juu ya wanga. Soda ndiyo ningeiondoa mezani kabisa, maana chupa ya mililita 300 hubeba vijiko vya chai 7 au 8 vya sukari. Wote mkinywa maji yenye ndimu, hatajiona ametengwa, na nadhani machozi yake yanatoka hapo: kuonwa mgonjwa mbele ya wajukuu.

Dawa hazipumziki. Presha inaweza kupanda bila kuuma popote, na dawa nyingine za presha zikikatwa ghafla huirudisha juu kwa nguvu. Hesabuni vidonge leo, mnunue vya kutosha hadi katikati ya Januari, maana Njaanuari mnaijua. Visiwekwe kwenye begi linalofungwa juu ya matatu. Mama avishike mkononi. Kama anadunga insulini na kule hakuna friji, chungu cha udongo chenye unyevu, kikiwekwa kivulini, huipoza vizuri, bora chupa isiingie maji.

Tena mlinde na njaa. Siku ya sherehe chakula huahidiwa saa sita kikaiva saa kumi. Mgonjwa aliyedunga insulini, au aliyemeza baadhi ya vidonge vya sukari, akikaa bila kula hivyo anaweza kushukiwa na sukari: jasho, kutetemeka, maneno kuchanganyika. Kipimo cha sukari kikiwa chini ya 4 (mmol/L), au kama hamna kipimo, mpeni vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji, kisha chakula. Akishindwa kumeza msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitalini.

Pilau ya jana usiku ilibaki kwenye sufuria jikoni. Nikiipasha moto sana si inaua viini? – Kijana, Roysambu

Itupe. Kuna viini vya wali vinavyostahimili kupikwa, na sufuria ikikaa usiku kucha hutoa sumu ambayo moto hauiondoi. Pilau inayobaki itandazwe kwenye sinia ipoe upesi, iingie friji ndani ya saa mbili. Huna friji, pika ya kuisha.

Mimi ni soja wa geti Kilimani. Mabosi wamesafiri, familia yangu iko Vihiga, na Krismasi nitakuwa zamu ya usiku. Usingizi wa mchana haunijii, na moyo ni mzito. Hili ni swali la afya kweli?

Ni la afya, kaka, na nimefurahi umeliuliza. Ukitoka zamu funika dirisha kwa shuka nzito, zima simu, ulale saa ile ile kila siku. Chai ya mwisho inywe mapema usiku. Pombe ya kuleta usingizi huuvunja katikati na kukuamsha na uzito ule ule.

Mpange wakati wa simu na watoto kabla hawajalala, uwe wenu kila siku, si Krismasi tu. Na geti la jirani lina mtu kama wewe. Changeni unga na nusu kilo ya nyama, mle pamoja kabla ya zamu. Uzito ukizidi hadi ukawaza kujidhuru, piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu. Haina malipo.

Nanyi mtakaobaki mjini, mkipakua tarehe 25, pakueni sahani ya getini ikiwa moto.